Ufagio wa Namba Tisa

Nilipoanza kutafuta chumba Voi nilikuwa na sharti moja tu: mama yangu aweze kutoka kitandani hadi hospitali kwa miguu yake mwenyewe, bila gari na bila kubebwa. Mengine yote, choo cha ndani, vigae, dirisha la kuwekea meza ya kuandikia, niliyaacha Nairobi pamoja na rafiki zangu wa vitabu, ambao jioni hukaa wakisomeana kurasa zao na kubishana juu ya neno moja hadi chai ipoe.

Mama alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Figo zimechoka, ndivyo alivyosema, kama anayesimulia habari za punda wawili wazee. Nyumbani kwetu ni juu milimani, upande wa Mgange, ambako ukungu huingia jikoni kama mwenyeji. Kila siku ya hospitali alishuka alfajiri na kurudi jioni, na zile kona za mlimani zilimnyang'anya hata kile kidogo ambacho mashine ilikuwa imemrudishia. Mvua zilipobomoa barabara alikosa zamu moja. Alipofika kwenye zamu iliyofuata, uso wake ulikuwa umevimba hadi nesi aliyemzoea akamuuliza yeye ni nani.

Nesi huyo ndiye aliyeniita pembeni. "Dada, mtafutie mama chumba huku chini," aliniambia. "Akikosa zamu nyingine hivi, sitakuficha, hatutakuwa na mtu wa kumngoja."

Basi nikatafuta. Voi, ukiutazama kutoka juu ya mlima Sagalla, ni kiganja cha mabati kilichotupwa kwenye vumbi jekundu. Ukiutembea kwa miguu ukiulizia chumba cha bei nafuu, unakuwa mkubwa kuliko Nairobi. Tangu reli mpya ije kila mwenye kiwanja amejenga, na kila aliyejenga amemjengea mtu mwenye mshahara. Vijana wa kuonyesha nyumba walinizungusha Birikani na Mwakingali, wakifungua milango kwa mbwembwe kama wanaofunua bi harusi. Nyuma ya mlango mmoja ukuta ulikuwa na unyevu hadi usawa wa kiuno. Nyuma ya mwingine palikuwa na kitanda cha mtu ambaye hakuwa amehama bado, na mtu mwenyewe amelala juu yake, akatutazama, akageukia ukutani.

Mwakingali nilipata chumba kizuri, kodi ninayoiweza, mwenye nyumba mama mtu mzima mwenye sauti ya upole. Tulielewana kila kitu hadi aliponiuliza nitakaa na nani.

"Na mama. Ni mgonjwa kidogo, anatibiwa hapa hospitali."

Alivua miwani akaifuta kwa leso. "Mwanangu, usinione nina roho mbaya," akasema. "Lakini jeneza likitoka kwenye ploti, wapangaji wawili hutoka nalo. Nimeshaona."

Baada ya hapo nikawa sisemi kwamba mama ni mgonjwa. Nilisema ni mzee tu, anapenda kutulia.

Ploti ya Kaloleni niliionyeshwa na keateka wake mwenyewe, mzee wa kuangalia nyumba aliyevaa kofia ya sufu katika joto linaloyeyusha lami. Vyumba vilikuwa mistari miwili inayotazamana, uwanja mwembamba katikati, bomba moja, na baraza la saruji lililopita mbele ya milango yote. Milango iliandikwa namba kwa rangi nyeupe. Kuta za ndani, kama ilivyo kwenye ploti nyingi za hivi, hazikufika juu. Zilikoma usawa wa mlango, na juu yake pakawa na anga moja ya mabati, hivi kwamba aliyekohoa Namba Moja aliambiwa pole na Namba Sita.

Alifungua Namba Tisa. Kilikuwa kitupu, kikavu, na kisafi mno. Sakafu ilikuwa imefagiwa asubuhi hiyo hiyo. Nje, kwenye baraza, mistari ya ufagio ilikuwa bado haijakanyagwa. Pembeni ya mlango palikuwa na mtungi wa maji uliojaa.

"Kuna mtu anaishi humu?" nikauliza.

"Hakuna."

"Mbona pamefagiwa?"

"Watu wa hapa ni wasafi."

Akanitajia kodi. Ilikuwa ya chini kiasi kwamba nilimwomba arudie, na aliporudia alitazama kofuli badala ya kunitazama mimi. Nilimuuliza kuna nini humo ndani.

"Kuna joto," alisema. "Kama Voi yote. Sikiliza dada, mimi nina jambo moja tu. Hapa hatuitani majina. Mtu ni mlango wake. Ukikaa, utaitwa Namba Tisa, na ukiitwa utaitika. Sawa?"

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Uitike."

Kutoka pale hadi lango la hospitali nilitembea taratibu, nikiburuta mguu kwa makusudi kama mama. Nilifika kabla jasho halijanishuka. Nikarudi nikamwambia mzee nimechukua.

Nilitangulia mwenyewe, ili nitandike kitanda na kutundika pazia kabla ya kumshusha mama. Siku za kwanza nilijiona mtu wa bahati. Alfajiri niliamshwa na ufagio wa chelewa ukipita mlangoni kwangu, shaa, shaa, ukianzia kizingiti changu na kukomea kizingiti changu. Nilipofungua, baraza la mbele yangu tu lilikuwa safi. La wengine lilikuwa limelaliwa na vumbi la usiku. Mtungi ulijazwa bila mimi kujua na nani. Jioni nilikuta bakuli la enameli limefunikwa kwa sahani mlangoni: siku moja kunde na ugali, siku nyingine viazi vya nazi. Nilikula, nikaosha bakuli, nikampelekea jirani yangu wa Namba Nane, mwanamke mnene mwenye mwanya, aliyekuwa akikaanga viazi karai barabarani na kucheka na kila mpita njia.

"Asante dada," nilimwambia. "Umenipikia kama mgeni wa heshima."

Alipokea bakuli kwa mikono miwili. Hakucheka. "Ni ya nyumba," alisema.

Nilidhani ni namna ya kusema karibu.

Asubuhi moja nilikuwa bombani, nyuma ya kamba za nguo, nikifua shuka za mama. Mlango wangu niliufunga kwa kofuli, ufunguo nilikuwa nao shingoni. Keateka akatoka kwake, akapita baraza polepole akisalimia milango. Alipofika kwangu alisimama, akavua ile kofia ya sufu, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya.

"Umeamkaje, Namba Tisa?" aliuambia mlango.

Nilitaka kuita, niko huku mzee. Kitu kikanizuia. Alikaa kimya, kichwa kimeinama upande mmoja, kwa muda ule ule ambao mtu huchukua kujibu kwamba ameamka salama, labda mgongo unamsumbua kidogo. Kisha akatikisa kichwa, akasema, "Ashukuriwe Mungu," akavaa kofia, akaenda zake. Nyuma yake akaja msichana wa Namba Tatu akielekea shule. Naye akaupungia mlango mkono.

Shuka zilikuwa zikinidondokea miguuni. Niliitazama kofuli ikining'inia mahali pake, imefungwa, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama tangu nije kuna mtu hata mmoja pale aliyekuwa amenisalimia mimi.

Sikuwa na la kufanya. Mama alikuwa anakuja kesho yake.

Alifika kutoka hospitalini, amechoka, ameshika mfuko wake wa ngozi ya bandia ambao amekwenda nao kanisani tangu nikiwa mdogo. Alivuka kizingiti, akanusa, akatazama juu pale kuta zinapokomea. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Mfuko hakuuweka chini. Aliupakata.

"Mama, leta nikuwekee."

"Uache."

Alilala nao kifuani. Alfajiri ufagio ulipoanza, nilimwona amefumbua macho, anasikiliza, midomo yake ikitembea kama anayefuata hesabu ya kushona.

"Nani anayefagia?" aliuliza.

"Majirani. Ni wema sana."

"Wanamfagilia nani?"

Niliinuka nikawasha jiko. Jioni, bakuli lilipokuja, aliinua sahani, akatazama mchuzi, akafunika. "Hiki si chakula cha mgeni," alisema. "Hiki ni chakula cha mtu anayeogopwa. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula cha mwenyewe." Akavuta leso begani. "Mwanangu, umenileta kwenye nyumba ya mtu."

"Alihama, mama. Chumba kilikuwa kitupu."

"Hakuhama. Humu mna hasira ya mtu, imekaa kama moshi. Mimi siwezi kulala juu ya hasira ya mtu nisiyemjua, na damu yangu ndiyo hii iliyo nje ya mwili kila wiki. Zamu ijayo ikiisha nipeleke nyumbani."

Nilimwambia habari za barabara. Nilimkumbusha uso wake ulivyovimba, na yale aliyoniambia nesi, ambayo sikuwa nimekusudia kumwambia. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza tangazo la mazishi ya mbali.

"Nikifa njiani nitakuwa naelekea kwangu," alisema.

Nilitoka nikamkuta Namba Nane akiwasha jiko. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia bila salamu: "Aliyekuwa Namba Tisa ni nani, na mlimfanya nini? Mama yangu anataka kurudi mlimani. Akirudi, amekwisha."

Alipuliza makaa kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

"Alikuwa mtu wa Taveta," alisema hatimaye. "Mtu mzima, mpole, anajisitiri. Alikuwa anapika chai kwenye hoteli ya stendi, kwa hivyo anaamka watu wote wamelala. Na kabla hajaondoka, anafagia. Si kwake tu, ploti nzima, gizani. Tukamwambia, mama, giza halifagiwi, utatutolea baraka nje. Akasema sawa. Kesho anafagia tena. Mkono umezoea."

"Ndio mkamfukuza?"

"Mume wangu alipoteza kazi ya mkonge. Mama wa Namba Tatu mimba ikatoka. Watu wakaanza kuhesabu." Aligeuza makaa. "Tukaenda kwa mwenye ploti sote. Siku ya kumtoa tulisimama hapa, mzee akambebea kitanda nje. Tukamngoja aseme. Dada, angetutukana! Angesema hata mbwa nyinyi, ingekuwa afadhali, tungejua imetoka. Hakusema neno. Alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, hivi, akaenda. Wewe ni wa milimani, unajua."

Nilijua. Nimelelewa katika hilo. Kwetu hasira inayosemwa ni kelele tu, inapita. Ile inayobaki moyoni ndiyo hutoka yenyewe bila mwenyewe kuituma, ikaenda kukaa kwenye mwili wa mtoto au kwenye kisima cha jirani.

"Bomba likakauka," Namba Nane akaendelea. "Msichana wa Namba Tatu akashikwa na degedege. Mume wangu akaanguka kwenye ngazi. Ndipo mzee akasema, hebu tumfagilie naye. Tukafagia. Mtoto akapona siku hiyo hiyo. Sasa niambie, nani atathubutu kuacha?"

"Kwa nini hamkumfuata mkamwomba msamaha?"

"Umfuate mtu aliyekukasirikia umwambie nini? Ukimuuliza kama amekasirika, umemkumbusha."

"Na mimi? Mmenipangisha mimi kwa nini?"

Alinitazama, na ule mwanya wake, uliokuwa ukichekea watu barabarani, ulionekana kama mlango uliosahauliwa wazi. "Mlango hauitiki," alisema. "Tulichoka kusalimia kitu kisichoitika. Halafu mzee akaanza kusema kwamba kinaitika. Tukaona heri tupate mtu."

Alichojua zaidi ni kwamba mwanamke yule alirudi kwao upande wa Njukini, na kwamba anauza maharagwe. Nilimwambia mama nitakwenda. Alisema, "Nitakungoja. Lakini mfuko siuweki chini."

Nikapanda matatu ya Taveta, na tulipopita Salaita, kile kilima kidogo kilichokaa peke yake kwenye tambarare kama kitu kilichoshushwa na kusahauliwa, nilijiuliza nitamwambia nini mtu nisiyemjua hata jina. Sokoni Njukini niliuliza kwa kila tandiko la maharagwe: mama mmoja aliyewahi kuishi Voi. Walinirusha huku na huko hadi upande wa mwisho, kwenye kivuli cha magunia yaliyoshonwa pamoja, ambako mwanamke mrefu, mtandio umefungwa vizuri, alikuwa akichambua mawe kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ya njano au mekundu?"

"Sikuja kununua. Nimetoka Voi. Nakaa Kaloleni, Namba Tisa."

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Sauti za soko, mbuzi, wanawake wa ng'ambo ya mpaka wakibishana bei, zilikuwa bado zipo, lakini zilionekana kusogea nyuma.

"Ni wewe unayefagia?" aliniuliza.

Sikuwa nimemwambia kitu.

"Si mimi," nilisema.

"Basi ni nani? Kila alfajiri, mwanangu, kabla ya adhana. Nasikia chelewa kwenye saruji. Shaa, shaa. Naamka, natoka nje na taa, hakuna mtu. Na kwangu ni sakafu ya udongo. Udongo haulii vile." Aliweka ungo chini. "Halafu jioni nikikaa kula, nakuwa nimeshiba. Chakula changu mwenyewe sikitamani. Mume wangu anasema ni utu uzima. Utu uzima gani unaokushibisha kunde ambazo hukupika?"

Nilimweleza yote: bakuli, mtungi, kofia ya mzee. Alisikiliza amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nilipofika pale alipowatazama mmoja mmoja bila kusema, alishusha mtandio.

"Subiri. Wanasema nilinyamaza kwa hasira?"

"Ndiyo."

"Jino!" alisema. "Laa ilaaha illallah, lilikuwa jino!" Akajishika shavu, akaonyesha kwa kiganja lilivyovimba hadi karibu na bega. "Lilikuwa hivi! Ningefungua mdomo ningelia kama mtoto mbele yao. Nikawatikisia kichwa kuwaaga."

"Hukuwakasirikia?"

"Niliwakasirikia hadi Mwatate. Hapo nikanunua dawa ya jino, nikalala. Nilipoamka niko Taveta na shemeji amenipa shamba." Alicheka, kisha kicheko kikamwisha ghafla, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, kwenye joto lile. "Mimi sina kinyongo nao. Lakini kuna kitu changu wamekishika kule. Wanakilisha, wanakifagilia, wanakisalimu, nacho hakijui njia ya kurudi. Waambie wanifungulie."

"Njoo uwaambie mwenyewe, mama. Mama yangu ni mgonjwa, nahitaji—"

"Nikija nitafikia wapi? Namba Tisa?" Alitikisa kichwa, na nadhani ni vile vile walivyomwona wao akikitikisa. "Hapana. Nikivuka kile kizingiti, tutakuwa wawili."

Niliporudi jua lilikuwa linaelekea nyuma ya milima. Mama alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha Namba Nane, amevaa viatu vya safari, mfuko mapajani. Watu wa ploti walikuwa wamesimama milangoni mwao wakijifanya wana kazi. Niliongea kwa sauti ya kawaida. Pale, hata kunong'ona kulifika kila mahali.

Nilipotaja jino, Namba Nane akapiga ukelele. "Jino? Sisi tumepika kunde mwaka mzima kwa sababu ya jino?" Akacheka hadi akajishikilia nguzo. Mzee alicheka na kofia yake usoni. Na mama, ambaye sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mvua zile, alicheka kile kicheko chake cha zamani cha puani, kinachokuja kama mtu anayepiga chafya.

Ndipo nikawaambia habari ya ufagio anaousikia kule. Hakuna aliyecheka. Msichana wa Namba Tatu akaingia nyuma ya gauni la mama yake.

"Basi hasira si yake," alisema mama. Hakuinuka, lakini sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akigawia kazi wanawake wa kanisa. "Ni yenu. Mmeogopa hadi mmemfunga. Leteni maji. Bakuli lile lile."

Kwetu tunaita kutasa. Mtu husema lililo moyoni, huchukua funda, kisha huyapuliza nje maji pamoja nalo, yakatoka kama umande. Wazee walitumia pombe ya miwa. Mama ni mtu wa kanisa, alisema Mungu anaelewa maji ya bomba. Mzee alianza. Alivua kofia. "Nilibeba kitanda chake," alisema, "na nilifurahi kwamba hakikuwa changu." Akapuliza kwenye mlango wa Namba Tisa, na yale maji yalishuka juu ya rangi nyeupe ya namba. Namba Nane alisema alimwonea wivu mtu anayeamka mapema hivyo na asilalamike. Mama wa Namba Tatu alisema neno moja tu, la mtoto ambaye hakuzaliwa, akapuliza, akakaa chini.

Bakuli likafika kwa mama yangu. Nilitaka kulizuia. Alikuwa amepimiwa maji yake, kikombe kwa siku, na kiu yake niliijua. Usiku alikuwa akilamba midomo usingizini. Alichukua funda. Alilishika mdomoni muda mrefu kuliko wote, macho yamefumba, na nililiona koo lake likilitaka. Kisha akalitema kiganjani ili aweze kusema.

"Nami nimemkasirikia huyu," alisema, akinionyesha kwa kidevu, "aliyenishusha mlimani kama gunia la viazi bila kuniuliza. Niliingia humu nikasema, hapa mna hasira. Sijui sasa nilinusa ya nani."

Akayarudisha mdomoni, akapuliza yote. Tone halikubaki. Maji yalinigusa usoni, na yalikuwa ya moto.

Kisha akasimama, akapita mlango, na nikasikia mfuko wa kanisani ukiwekwa sakafuni. Ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayeketi baada ya safari.

Alfajiri hakuna aliyefagia. Niliamka kwa sababu ya ukimya huo, nikakaa nikiusikiliza. Upepo ulikuwa umevuma kutoka upande wa mbuga na kuleta vumbi. Nilipofungua, baraza lote, kutoka Namba Moja hadi mwisho, lilikuwa jekundu na laini kama unga. Namba Nane alikuwa mlangoni kwake, ufagio mkononi, hajui aufanyeje. Nilimtikisia kichwa. Akauegemeza ukutani.

Ilikuwa siku ya zamu. Mama alivaa patipati zake za mpira, akachukua leso, akatoka nje mbele yangu. Hatua mbili akasimama.

Kwenye vumbi, kuanzia kizingiti chetu, palikuwa na nyayo. Za miguu mitupu, ndefu, za mtu mzima asiye na haraka. Zilitokea mlangoni kwetu, zikapita mbele ya Namba Nane, mbele ya mzee, mbele ya kila mlango, zikaelekea langoni. Nilizitafuta zinazoingia. Hazikuwepo.

Mama alizitazama kwa muda. Kisha akashuka barazani, polepole, akishikilia nguzo, na kwa mguu ule anaouburuta akazizunguka kwa mbali ili asizikanyage, akaenda hospitali.